Namna ya kupata nakala za kesi ya jinai ukitaka kukata rufaa (Tanzania Bara)

Maswali ni yaleyale kila wiki. Ndugu yetu kafungwa juzi, tunaanzia wapi? Tumeambiwa tusubiri nakala, tusubiri mpaka lini? Siku zimeshapita, ndo basi tena? Mi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, na kwa miaka niliyokaa kwenye hizi shughuli nimeona rufaa nzuri kabisa zikitupwa bila hata kusikilizwa, tena kwa sababu ya karatasi moja tu ambayo mtu hakuigongesha muhuri. Inaniuma sana, mana karatasi yenyewe ni barua ya mistari sita. Basi leo naandika yote sehemu moja, ukisoma hapa hutakuwa na haja ya kumuuliza mtu wa getini.

Hapa naongelea hasa kesi iliyosikilizwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi, na rufaa inaenda Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo na Mahakama ya Rufani nimeziweka huko mbele kwa kifupi. Zanzibar wana mahakama zao na sheria zao, usichukue siku za huku ukazipeleka kule.

Jambo jingine, sijaweka namba za vifungu makusudi. Sheria yenyewe ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na kwenye toleo la marekebisho la 2023 vifungu vingi vimehama namba, wakati sampuli za rufaa zinazozunguka kwenye simu bado zina namba za zamani. Ukinakili sampuli, kwanza linganisha na toleo jipya.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Namba kamili ya kesi na mwaka wake, pamoja na jina la mahakama. "Ile kesi ya wizi ya Juma" haimsaidii karani kitu.
- Majina ya mshtakiwa kama yalivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, hata kama yamekosewa. Kama mahakamani wameandika Mohamedi na kitambulisho kinasema Muhammad, we tumia la mahakamani.
- Jina la hakimu, tarehe ya hukumu na tarehe ya adhabu.
- Jina la gereza alipo, na namba yake ya mfungwa kama unaijua.
- Kitambulisho chako, na kama we ni ndugu unayefuatilia, barua fupi ya mfungwa inayosema amekutuma, yenye sahihi au dole gumba lake.
- Daftari moja la kesi hii tu. Utaona kazi yake.

Hatua kwa hatua

1. Toa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10

Hili ndo la kwanza, na halisubiri nakala yoyote. Ndani ya siku 10 tangu hukumu au adhabu, mahakama ileile iliyomhukumu inatakiwa ijulishwe kwamba mtu ana nia ya kukata rufaa. Mshtakiwa anaweza kusema palepale kizimbani baada ya kusomewa adhabu na hakimu akaandika, lakini nakushauri upeleke na ya maandishi pia, mana siku ile watu wanalia, mtu yuko kwenye mshtuko, huna uhakika kama kilichosemwa kiliandikwa. Inatosha kusema jina, namba ya kesi, tarehe ya hukumu, na kwamba hujaridhika na unakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu. Sababu za rufaa haziwekwi hapa.

Kosa ninaloliona sana ni familia kukaa kikao cha kuchanga hela ya wakili mpaka siku 10 zinakatika. Kusudio halihitaji wakili. Peleka kwanza, kikao kitaendelea baadaye.

2. Siku hiyohiyo andika barua ya kuomba nakala

Usiache hii hatua kwa kuambiwa "nakala ni haki yako zitatoka tu". Haki yako ndiyo, lakini ukija kubanwa kuhusu siku, barua ndo itakayokutetea. Unaomba vitu viwili na uvitaje vyote viwili: nakala ya hukumu na nakala ya mwenendo wa shauri, ile ambayo wengine wanaita prosidingi. Hukumu ni uamuzi wa hakimu na sababu zake. Mwenendo ni kila kilichotokea tangu siku ya kwanza, shahidi gani alisema nini, nani aliuliza swali gani, kielelezo gani kilipokelewa na nani alipinga. Watu wengi wanaomba hukumu peke yake halafu wanakaa kuandika rufaa wakiwa hawajaona hata neno moja la ushahidi, wanategemea kumbukumbu.

Barua inaweza kuwa hivi:

> Hakimu Mfawidhi,
> Mahakama ya Wilaya ya ........
>
> YAH: MAOMBI YA NAKALA YA HUKUMU NA MWENENDO WA SHAURI, KESI YA JINAI NA. .... YA ......
>
> Mimi ........ nilikuwa mshtakiwa katika kesi tajwa hapo juu iliyotolewa hukumu tarehe ........ mbele ya Mheshimiwa ........ Sijaridhika na hukumu hiyo na nimekusudia kukata rufaa Mahakama Kuu. Naomba nipatiwe nakala zilizothibitishwa za hukumu, adhabu na mwenendo wote wa shauri ili niweze kuandaa rufaa yangu.
>
> Sahihi / dole gumba, tarehe.

Imeisha. Usianze kueleza humo kwamba umeonewa, utaeleza kwenye rufaa.

3. Gongesha muhuri kwenye nakala yako

Nenda masjala na barua mbili zinazofanana. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo nyumbani. Ukiambiwa "acha tu hapa tutaishughulikia" omba kwa adabu ugongewe, subiri, na usiondoke bila muhuri. Piga picha palepale na umtumie ndugu mwingine kwenye simu ili hata karatasi ikilowa au ikipotea iwepo sehemu.

Kuna mama mmoja namkumbuka, mwanae alikuwa na kifungo kirefu. Alikwenda mahakamani mara saba kuomba nakala kwa mdomo. Mara saba kweli, na makarani walimfahamu kwa sura. Nakala zilivyotoka, siku 45 za kuingiza rufaa (nazieleza hatua ya 6) zilikuwa zimepita zamani, na upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, wakasema rufaa imechelewa, tukaulizwa uthibitisho kwamba nakala ziliombwa mapema, hatukuwa na hata karatasi moja. Ikabidi turudi nyuma kuanza maombi ya kuongezewa muda, na mtoto akiwa ndani.

Kama mshtakiwa yuko gerezani anaweza kufanya haya yote kupitia kwa mkuu wa gereza. Kusudio, barua, mpaka petisheni yenyewe (ile karatasi ya rufaa yenye sababu zako), anakabidhi kwa uongozi wa gereza na wao wanapeleka mahakamani. Mwambie ahakikishe tarehe aliyokabidhi imeandikwa kwenye karatasi na afisa amesaini, mana akishakabidhi kilichobaki hakiko mikononi mwake. Na nyie wa nje msikae, ulizeni mahakamani kama barua ya gereza imefika.

4. Fuatilia, na andika kila safari kwenye daftari

Mwenendo unachukua muda zaidi ya hukumu kwa sababu lazima uchapwe, na kama hakimu aliandika kwa mkono kesi nzima ya mashahidi kumi na wawili, kuna kazi hapo. Andika tarehe uliyokwenda, uliongea na nani, alikwambia nini. Zikipita wiki kadhaa kimya andika barua ya kukumbushia, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, na hiyo nayo gongesha muhuri.

Ukiambiwa kuna malipo, omba kontroo namba na ulipe kwa hiyo namba, upate risiti. Usimpe mtu hela mkononi. Na wale vishoka wanaokaa nje ya mahakama wakikwambia "nina mtu wangu ndani, leta kitu kidogo nakala itoke kesho", achana nao kabisa, nimeona watu wakiuziwa hukumu ambayo haina hata muhuri.

5. Kagua nakala kabla hujatoka masjala

Kaa kwenye benchi palepale uanze kufungua ukurasa kwa ukurasa. Angalia:

- Muhuri wa mahakama na uthibitisho kwamba ni nakala halisi.
- Namba za kurasa zinafuatana. Mwaka juzi nilipokea mwenendo ambao ukurasa wa 33 unamalizikia katikati ya maneno ya shahidi wa nne, ukifungua unaofuata unakuta shahidi wa sita anaapishwa. Shahidi wa tano hayupo, na ndo alikuwa askari aliyepekua nyumba. Nisingehesabu kurasa nisingejua.
- Hati ya mashtaka, na kama ilibadilishwa katikati, ile mpya pia.
- Mashahidi wote wa mashtaka, utetezi wa mshtakiwa na mashahidi wake.
- Uamuzi mdogo uliotolewa njiani, kama ule wa mshtakiwa kuwa na kesi ya kujibu.
- Hukumu mpaka mwisho, sehemu ya kutiwa hatiani na sehemu ya adhabu, pamoja na sahihi na tarehe.

Uliza pia kuhusu vielelezo vya karatasi, kama PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari), hati ya upekuzi na ukamataji mali, au maelezo ya onyo yaliyochukuliwa polisi. Omba fotokopi zake, mana hoja nyingi za rufaa zimelala humo.

6. Andika tarehe uliyopokea, halafu hesabu siku kwa ubahili

Petisheni ya rufaa inatakiwa iingie Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu hukumu, lakini sheria inatoa kwenye hesabu zile siku zilizohitajika kupata nakala. Ndo mana nimekusumbua na muhuri. Tuchukue mfano: hukumu imetoka tarehe 3 Machi. Kusudio mwisho wake tarehe 13 Machi. Bila kesi ya nakala, petisheni mwisho wake ingekuwa tarehe 17 Aprili. Sasa barua yako ya kuomba nakala iligongwa muhuri tarehe 5 Machi na nakala zikawa tayari tarehe 20 Mei. Siku za katikati hazihesabiwi, ila zile mbili ulizotumia kabla ya kuandika barua zimeshakwenda, kwaiyo jihesabie umebaki na 43, yaani mpaka tarehe 2 Julai. Watu wengine wanajihesabia 45 mpya kuanzia siku ya kupokea. Kwa nini uweke mguu kwenye ukingo wa shimo? Hesabu fupi, peleka mapema.

Angalizo: kinachoangaliwa ni siku nakala zilipokuwa tayari. Kama zilikuwa tayari tarehe 20 na we ukaenda kuzichukua baada ya mwezi, huo mwezi ni wako.

7. Soma mwenendo na peni mkononi

Hapa usikimbie. Soma wote mara moja bila kuandika, halafu rudia, kila shahidi andika pembeni alichosema na ukurasa. Mambo ambayo mi huwa naangalia kwanza:

- Mashahidi wameapishwa? Hakimu amesaini baada ya ushahidi wa kila mmoja?
- Shahidi akiwa mtoto mdogo, imeandikwa kwamba aliahidi kusema ukweli?
- Hakimu alibadilika katikati? Sababu ya kubadilika imeandikwa?
- Karatasi zilizopokelewa kama vielelezo zilisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa? Zisiposomwa zinaweza kuondolewa kwenye ushahidi.
- PF3 ilipopokelewa, mshtakiwa alielezwa kwamba ana haki ya kuomba daktari aliyeiandika aitwe?
- Mshtakiwa alielezwa haki zake za kujitetea?
- Kinachosemwa kwenye hati ya mashtaka, tarehe, mahali, mali, kinafanana na walichosema mashahidi?

Kama mshtakiwa alikiri kosa, ujue kwa kawaida hawezi kupinga kutiwa hatiani, anabaki na ukubwa na uhalali wa adhabu. Ila usikate tamaa kabla hujaona maneno yenyewe aliyojibu na maelezo ya kesi aliyosomewa baada ya hapo. Kuna mtu kaandikiwa amekiri, ukisoma unakuta alijibu "ni kweli nilimpiga ila alinianza yeye". Huko sio kukiri moja kwa moja, na Mahakama Kuu inaweza kuliangalia. Bila mwenendo usingelijua hilo.

Lugha isikutishe. Kiswahili ndo lugha ya mahakama tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lakini bado utakutana na mwenendo ulioandikwa kwa Kiingereza. Tafuta mtu wa kukusomea neno kwa neno, asikupe muhtasari wake.

8. Andika sababu, ambatisha nakala, pandisha

Kila sababu iwe fupi na isimame peke yake, na iwe imetoka kwenye ukurasa unaoweza kuuonyesha. Petisheni inaambatana na nakala ya mwenendo na hukumu, na mi naongeza fotokopi ya kusudio na ya barua yenye muhuri, kusudi suala la muda lisije likaibuka. Mashauri siku hizi yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, kama huna wakili nenda masjala uulize utaratibu wa kupandisha, na usifanye hivyo siku ya mwisho mtandao ukiwa chini. Hakikisha umebaki na seti yako kamili.

Mahakama ya Mwanzo na Mahakama ya Rufani

Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa inaenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Hapa mtego ni kinyume: sheria haikulazimishi kuambatisha nakala ya hukumu, rekodi zinaitwa na mahakama ya juu yenyewe, kwaiyo usisubiri nakala. Ukikaa kusubiri, siku zinakwenda na huna pa kujitetea kirahisi. Usiporidhika tena, Mahakama Kuu ni siku 30, na petisheni inapelekwa kupitia hiyo Mahakama ya Wilaya.

Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufaa ni siku 30. Kwenye jinai rekodi ya rufaa inaandaliwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na ukishapewa una siku 21 za kuweka hati ya sababu za rufaa. Kagua ile rekodi kama nilivyosema hatua ya 5, mana kuandaliwa na msajili hakuzuii ukurasa kuruka. Na kama kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo utahitaji kwanza cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria.

Mambo yakikwama

*Siku zimeshapita.* Sio mwisho. Unapeleka maombi ya kuongezewa muda Mahakama Kuu, na hati ya kiapo inayoeleza kila siku iliyochelewa ilikwenda wapi. Daftari lako linafanya kazi hapa. Kama mtu alikuwa gerezani na ucheleweshaji ulitokea huko, kiapo cha afisa wa gereza kinaongeza nguvu sana kuliko maneno yake peke yake.

*Kurasa zimepungua au kimechapwa tofauti na alichosema shahidi.* Andika barua kutaja ukurasa na mstari, omba ulinganisho na maandishi ya hakimu. Fanya mapema, kwa sababu rekodi ya mahakama inachukuliwa kuwa sahihi mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na ukisimama siku ya kusikilizwa useme "haikuandikwa nilivyosema" bila kuwa umelalamika kabla, utapata shida.

*Nakala hazitoki kabisa.* Panda ngazi kwa maandishi: Hakimu Mfawidhi wa hapo, ikishindikana Naibu Msajili wa Mahakama Kuu kanda yenu. Ambatisha barua zako zote zenye mihuri.

*Wanasema faili limepotea.* Usikubali jibu la mdomo, omba liwe kwa maandishi. Mahakama inatakiwa ijaribu kulijenga upya kwa kukusanya kilichopo kwa waendesha mashtaka, polisi, gerezani, kwa wakili aliyekuwepo, kwaiyo hata ile fotokopi ya hati ya mashtaka uliyonayo nyumbani ipeleke. Ikishindikana kabisa, Mahakama ya juu ndo inaamua kifanyike nini, na inaangalia mengi ikiwemo muda ambao mtu ameshatumikia. Kupotea kwa faili peke yake hakumfungulii mtu mlango, atakayekwambia hivyo anakudanganya.

*Hukumu nimeiona TanzLII.* Hiyo ni tovuti inayoweka hukumu za mahakama. Isome, itakusaidia kuanza kazi. Ila chapisho la mtandaoni sio nakala iliyothibitishwa, barua ya kuomba nakala bado unaiandika.

*Sina hela ya wakili.* Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watoa msaada waliosajiliwa wanatakiwa wakuhudumie bila malipo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au gerezani kwenyewe, na uende na daftari, barua zenye muhuri na nakala zote ulizonazo, maana cha kwanza utakachoulizwa ni tarehe.